Dirisha Lisilokumbuka

Macintosh ya kwanza, iliyoingia sokoni Januari 1984, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128. Skrini yake ya nyeusi na nyeupe ilikuwa na pikseli 512 kwa upana na 342 kwa kimo, na kwa kuwa kila pikseli ilihitaji biti moja tu, picha nzima ya skrini ilichukua baiti 21,888. Hiyo ni karibu sehemu moja ya sita ya kumbukumbu yote, na bado hatujagusa mfumo endeshi, wala programu, wala barua ambayo mwenye kompyuta alitaka kuiandika. Sasa chukulia kwamba mtu huyo amefungua madirisha matatu makubwa, moja limelalia jingine. Kama mashine ingetunza nakala kamili ya kila dirisha, pamoja na sehemu zilizofichwa, karibu kilobaiti 60 zingeteketea kwa picha ambazo sehemu kubwa hazionekani. Wahandisi wa Apple hawakuwa na kilobaiti hizo. Wakaamua kwamba mashine haitatunza chochote kilichofunikwa. Dirisha likifunuliwa, mfumo utaiarifu programu yenye dirisha hilo kwamba kuna eneo limeharibika, na programu italichora upya.

Agizo hilo la kuchora upya limeitwa kwa majina mbalimbali katika mifumo mbalimbali, na limedumu kwa zaidi ya miaka 40, muda ambao katika fani hii hutosha kuzika karibu kila kitu. Maelezo ya kawaida ni kwamba lilizaliwa na ufukara wa kumbukumbu, na maelezo hayo ni ya kweli. Tatizo lake ni kwamba hayatoshi. Kama ufukara ndio sababu pekee, agizo hili lingekufa mara tu kumbukumbu ilipokuwa rahisi, na halikufa. Ninachodai ni kwamba uhaba uliilazimisha kila programu kutenganisha kile inachokijua na kile inachokionyesha, na utengano huo ukageuka kuwa na faida ambazo waliouanzisha hawakuwa wakizitafuta. Mwalimu mwenye somo lake daftarini hapotezi kitu mwenzake akifuta ubao. Aliyetegemea ubao ndiye anayeumia. Na tofauti hiyo haijawahi kuwatesa waandishi wa programu mahali popote kama katika kazi inayoonekana nyepesi kuliko zote, yaani kuchora alama juu ya picha.

Chanzo chenyewe kiko Palo Alto, California, katika kituo cha utafiti cha Xerox. Kompyuta yao iliyoitwa Alto, ya mwaka 1973, ilikuwa na skrini iliyosimama wima kama karatasi, pikseli 606 kwa 808. Ukipiga hesabu unapata baiti 61,206, nayo Alto ya awali ilikuwa na kilobaiti 128 tu. Picha ya skrini nzima ilikula karibu nusu. Ni katika mashine hiyo ambapo kundi la Alan Kay lilijenga lugha ya Smalltalk na madirisha yake yanayolaliana, na ni humo ambapo Dan Ingalls, mwaka 1975, alibuni amri ya BitBlt ya kuhamisha kipande cha picha chenye umbo la mstatili kutoka sehemu moja ya kumbukumbu hadi nyingine kwa pigo moja. Lakini tatizo la dirisha lililofichwa nusu Smalltalk haikulitatua, ililikwepa: dirisha lilichorwa likiwa juu, na lililokuwa chini lilisubiri hadi mtu alilete juu. Bill Atkinson wa Apple alitembelea kituo hicho mwishoni mwa mwaka 1979, akaondoka akiamini kwamba ameona madirisha ya chini yakiendelea kujichora katika vile vipande vinavyochungulia. Hakuwa ameona kitu cha namna hiyo. Alirudi kazini akakitafuta kile alichodhani wenzake wamekwisha kukipata, akakipata yeye.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi, pengine kupita kiasi, kama mfano wa dhana potofu iliyozaa uvumbuzi. Msisimko huo huficha jambo la maana zaidi. Kile Atkinson alichokitengeneza kwa ajili ya kompyuta ya Lisa, na baadaye Macintosh, kilikuwa njia ya kuhifadhi kwa ufupi umbo lolote lile, hata lenye kona nyingi na matundu katikati, kisha kuamuru kwamba mchoro wowote utakaofuata usivuke mipaka ya umbo hilo. Bila chombo hicho, agizo la kuchora upya lingekuwa balaa. Programu iliyoko chini ikiambiwa ichore, ingechora dirisha lake lote na kuyapaka madirisha yaliyo juu yake. Kwa kutumia maumbo hayo ya Atkinson, programu iliweza kuchora kana kwamba dirisha lote ni lake, na mfumo ukazuia kila pikseli isiyohusika. Hapo ndipo mapatano yalipokamilika: programu haina haja ya kujua ni nani aliyeifunika, na mfumo hauna haja ya kujua programu inachora nini. Kila upande uliruhusiwa kubaki katika ujinga wake, na naona ujinga huo wa pande mbili ndio uliofanya desturi hii isambae kirahisi.

Microsoft nao wakaifuata, na hapa kuna ushahidi ambao wanaosema yote yalikuwa uhaba wa kumbukumbu huupita haraka. Windows 1.0, iliyotoka Novemba 1985, haikuruhusu madirisha ya programu kulaliana. Yaligawana skrini bega kwa bega, na kulaliana kukaja na Windows 2.0 mwishoni mwa mwaka 1987. Hata hivyo ujumbe wa WM_PAINT, unaoiambia programu ichore, ulikuwamo tangu toleo la kwanza. Kwa nini, ikiwa hakuna dirisha la kumfunika mwenzake? Kwa sehemu ni kwa sababu menyu na visanduku vya maswali vilijitokeza juu ya madirisha. Kwa sehemu, na hii ndiyo inayonihusu, ni kwa sababu dirisha hubadilika ukubwa. Likipanuliwa, kinaonekana kipande ambacho hakijawahi kuchorwa, na hakuna nakala ya kumbukumbu inayoweza kukijaza, hata mashine iwe tajiri kiasi gani. Programu peke yake ndiyo inayojua kinachopaswa kukaa pale.

Inafaa kutazama kwa karibu jinsi WM_PAINT inavyofika, kwa maana tabia yake imewashangaza wengi. Jumbe nyingine, za kibonyezo cha kipanya au cha kibodi, hupanga foleni na kusubiri zamu. Huu haupangi. Mfumo huandika tu kwamba eneo fulani la dirisha limeharibika, na eneo jingine likiharibika baadaye huongezwa kwenye kumbukumbu ile ile, hivyo madhara kumi yaliyotokea kwa mfululizo hulipwa kwa mchoro mmoja. Programu ikimaliza jumbe zote nyingine na kuomba inayofuata, hapo ndipo hupewa agizo la kuchora. Apple nao waliliweka tukio lao mkiani vivyo hivyo, nyuma ya kipanya na kibodi, kwa hekima kwamba mtu anayechapa asisubiri picha. Programu ikishapokea ujumbe huita BeginPaint, na tendo hilo hufanya mambo mawili kwa pamoja: hutoa ruhusa ya kuchora ndani ya eneo lililoharibika tu, na hufuta ile kumbukumbu ya uharibifu. Mwandishi anayesahau kuita BeginPaint, akarudisha jibu kwamba kazi imekwisha, hupata ujumbe uleule tena, na tena, bila kikomo, maana kwa hesabu ya mfumo eneo bado halijatengenezwa. Prosesa hukimbia kwa nguvu zake zote na skrini haibadiliki.

Katika utaratibu huo mna sharti ambalo halikuandikwa popote kwa herufi kubwa: kuchora kusiwe na matokeo mengine yoyote. Kwa kuwa programu haijui itaitwa mara ngapi, mara moja au mia, asubuhi au wakati mtumiaji anaburuta kidirisha cha kikokotoo juu yake, basi chochote kinachohesabiwa au kubadilishwa ndani ya kazi ya kuchora kitaharibika. Mwandishi aliyeongeza kihesabio humo alikuta kinapanda kila dirisha linapoguswa. Alilazimika kuweka hali ya programu mahali pengine, na kuifanya kazi ya kuchora isome tu. Wanafunzi wa sayansi ya kompyuta hufundishwa kanuni hiyo kwa majina ya kifahari. Maelfu ya waandishi wa kawaida waliijifunza kwa kuadhibiwa na WM_PAINT.

Pingamizi la kwanza lenye uzito ni kwamba njia nyingine ilikuwapo, na ilifanya kazi. Mwaka 1982, katika maabara za Bell huko New Jersey, Rob Pike na Bart Locanthi walitengeneza kituo cha michoro kilichojulikana kwa jina la Blit. Skrini yake ilikuwa ya pikseli 800 kwa 1024, na programu zake hazikuulizwa chochote zilipofunikwa. Sehemu zilizofichwa zilihifadhiwa kando katika kumbukumbu, vipande kwa vipande, na dirisha likifunuliwa vipande vilirudishwa mahali pake. Mwandishi wa programu alichora mara moja na kusahau. Pike alieleza mbinu hiyo katika makala ya mwaka 1983, na ukiisoma unaona wazi kwamba ilikuwa safi kuliko ya Apple: programu ilipewa tabaka lake, na kulaliana kukawa shughuli ya mfumo peke yake. Kwa nini basi haikushinda?

Jibu jepesi liko kwenye tarakimu. Blit ilikuwa na kilobaiti 256, mara mbili ya Macintosh, na sehemu kubwa ya kazi nzito ilifanywa na kompyuta nyingine iliyounganishwa nayo kwa waya. Ilikuwa kituo cha mtafiti, si mashine ya nyumbani iliyopaswa kubeba kila kitu peke yake. Tena ilikuwa ya rangi mbili. Rangi zilipokuja, gharama ya kutunza kilichofichwa ilipanda kwa kuzidishwa: kadi ya VGA ya mwaka 1987, katika pikseli 640 kwa 480 na rangi 16, ilihitaji baiti 153,600 kwa skrini moja, zaidi ya kumbukumbu yote ya ile Macintosh ya kwanza. Lakini jibu hilo lingeniweka upande wa wale ninaowabishia, kwa hiyo naongeza la pili. Hata Blit haikuweza kukwepa suala la ukubwa. Dirisha lililobadilishwa umbo lililazimika kuchorwa na programu yake, na programu ikiwa imelazimika kujua kuchora upya kwa sababu hiyo, kutunza nakala kunabaki kuwa njia ya kuongeza kasi tu. Hakumwondolei mwandishi wajibu.

Hivyo ndivyo hoja ilivyoangukia pia katika X, mfumo wa madirisha uliozaliwa chuo kikuu cha MIT mwaka 1984 mikononi mwa Bob Scheifler na Jim Gettys, ambao toleo lake la 11, la Septemba 1987, lingali linaendesha kompyuta nyingi. Katika X, programu inaweza kukaa kwenye mashine moja na dirisha lake likaonekana kwenye mashine nyingine, mtandao ukiwa katikati. Dirisha likifunuliwa, seva, yaani upande wenye skrini, hupeleka tukio la Expose, lenye mstatili ulioharibika pamoja na namba inayosema mistatili mingine mingapi bado inafuata, ili programu yenye subira isubiri hadi namba ifike sifuri na kuchora mara moja. Programu inaweza kuiomba seva itunze kilichofunikwa, ila ni ombi. Seva inaweza kulikataa, au kulikubali kisha ikaacha kulitimiza. Uamuzi huo ulilalamikiwa na waliotaka uhakika. Mimi nauona wa kiungwana, maana mfumo ulikataa kutoa ahadi ambayo isingeweza kuitimiza katika kila mashine.

Sasa tuje kwenye picha, ambako mambo huwa magumu. Mtu ana picha, tuseme ya ramani, na programu inapaswa kuonyesha juu yake mstari unaofuata kipanya, au kisanduku cha kuchagua eneo, bila kuiharibu ramani iliyo chini. Mashine zisizo na kumbukumbu ya kuhifadhi nakala zilitumia hila ya kimantiki iitwayo XOR: pikseli za mstari hazipakwi rangi, bali zile zilizopo hugeuzwa kinyume chake. Nyeusi inakuwa nyeupe na nyeupe nyeusi. Uzuri wa hila hii ni kwamba ukichora mstari uleule mara ya pili, kila pikseli hugeuka tena na kurudi ilivyokuwa, na ramani inajitokeza bila jeraha. Hakuna kilichohifadhiwa popote. Kampuni ya Cadtrak ilipewa hataza ya Marekani mwaka 1980 kwa matumizi ya mbinu hiyo katika kuonyesha kielekezi, ikazitoza ada kampuni nyingine kwa miaka kadhaa, na hadi leo hataza hiyo hutajwa na wanaopinga kumilikisha mawazo ya programu. Athari ya XOR imebaki hata ndani ya Windows, katika amri ya DrawFocusRect inayochora kile kimstatili cha nukta kuonyesha kitufe kilichochaguliwa: iite mara mbili mahali pamoja, na kimstatili kinatoweka.

Lakini XOR ina udhaifu unaothibitisha hoja yangu. Inategemea kwamba kilichoko chini hakijabadilika kati ya mchoro wa kwanza na wa pili. Agizo la kuchora upya likiingia katikati, nusu ya mstari inafutwa na ramani mpya, nusu inabaki. Ukichora mara ya pili ili kuufuta, nusu inafutika na nusu nyingine inazaliwa upya. Takataka za namna hiyo, vipande vya mistari vilivyoachwa ukiwa kwenye skrini, zilikuwa jambo la kawaida katika programu za miaka ya 1980 na 1990. Ujanja wa kutegemea pikseli kama kumbukumbu hushindwa mara moja unapokutana na mfumo usioahidi kuzitunza. Atkinson mwenyewe alilifahamu hilo alipoandika MacPaint, iliyouzwa pamoja na Macintosh. Licha ya uhaba wote tuliouona, alitenga ndani ya zile kilobaiti 128 bafa mbili zisizoonekana, moja ikiwa na hali ya sasa ya sehemu ya picha inayoonekana na nyingine hali yake ya awali kwa ajili ya kutengua kosa. Mchoro uliandaliwa humo kwanza, ukapelekwa kwenye skrini ukiwa kamili, bila kumetameta. Na eneo lililochaguliwa akalizungushia vistari vinavyotembea, wazo alilolipata kwa kutazama tangazo la bia lenye maji yanayotiririka katika baa moja. Vile vistari vingali vinatembea katika programu nyingi za picha.

Wazo kwamba picha ni kitu kimoja na alama zilizo juu yake ni kitu kingine lilichukua muda kuwafikia watumiaji wa kawaida. Photoshop ilitoka mwaka 1990 bila matabaka. Yalikuja na toleo la 3.0 mwaka 1994. Kabla ya hapo, ulichopaka juu ya picha kiliimeza picha. Kwa waandishi wa programu, fundisho hilohilo lilikuja kwa njia ya malalamiko, na malalamiko yenyewe karibu hayabadiliki. Mtu anaandika programu yake ya kwanza ya Windows, anaweka picha kwenye fomu, anaagiza kwamba kitufe kikibonyezwa duara jekundu lichorwe juu ya picha. Duara linatokea. Anashusha dirisha hadi kwenye upau wa chini, analirudisha, duara halipo. Picha ipo, kwa sababu kifaa kinachoibeba kinajua kuichora upya kila kikiagizwa. Duara halipo kwa sababu hakuna aliyeambiwa kulikumbuka.

Visual Basic, iliyotoka mwaka 1991 na kuwafungulia mlango watu wengi ambao wasingegusa lugha ya C, ilikuwa na dawa ya tatizo hili. Dawa hiyo iliitwa AutoRedraw. Ukiiwasha, kila unachochora huandikwa pia kwenye nakala iliyofichwa, na mfumo huitumia nakala hiyo kujibu agizo la kuchora bila kukusumbua. Pingamizi la pili linatoka hapa: kama faraja hii iliwezekana, kwa nini Microsoft waliiondoa walipoleta Windows Forms mwaka 2002, na kuwarudisha wanaoanza kwenye tukio la Paint? Wengi waliliona tendo hilo kuwa ukatili wa wataalamu, na sina budi kukubali kwamba maelezo waliyopewa yalikuwa duni. Mfumo mpya uliacha wazi amri ya CreateGraphics, ambayo humpa mtu kalamu ya kuchora wakati wowote, nje ya utaratibu, na matokeo yake yakapotea kama yale ya zamani. Kuacha mlango huo wazi bila onyo kulikuwa uzembe. Lakini uamuzi wenyewe wa kuiacha AutoRedraw nautetea, na utetezi wangu uko kwenye picha.

Chukua picha ya kamera yenye pikseli 4000 kwa 3000 ndani ya PictureBox, kifaa cha Windows Forms kinachobeba picha, ya pikseli 800 kwa 600, iliyowekewa kuipunguza picha ili yote ionekane. PictureBox huchora picha kwanza, kisha hutoa tukio la Paint, hivyo chochote kinachochorwa katika tukio hilo hukaa juu ya picha. Mtumiaji anaweka alama juu ya ufa wa ukuta ulioko kwenye pikseli ya 1200 kwa 800 ya picha halisi. Kwenye skrini alama hiyo iko 240 kwa 160. Programu inayotunza pikseli za skrini tu itakumbuka 240 kwa 160, na dirisha likipanuliwa, alama itabaki nyuma huku ufa ukihama. Inayotunza orodha ya alama kwa vipimo vya picha yenyewe, na kuzitafsiri upya kila inapoagizwa kuchora, itaiweka alama juu ya ufa kwa ukubwa wowote. Hali kadhalika wakati wa kuhifadhi faili: kilichochorwa kwenye skrini hakimo katika picha hata kidogo, na mwandishi hulazimika kuchagua kwa makusudi, ama azichome alama ndani ya picha kwa kuchora kwenye bitmapu yenyewe, ama azihifadhi kando zipate kurekebishwa kesho. AutoRedraw ilimfichia uchaguzi huo. Tukio la Paint linamlazimisha aufanye.

Gharama ya desturi hii ilikuwapo, nayo nitaitaja kwa ufupi kwa kuwa kila aliyeketi mbele ya kompyuta ya miaka ile anaijua. Skrini ilimetameta, kwa maana mfumo ulifuta mandharinyuma kwanza ndipo programu ikachora; katika Java ya mwaka 1996 waandishi walizoea kuipindua kazi ya update, iliyokuwa ikifuta kabla ya kuita paint, ili tu kuzuia mweko huo. Na programu iliyokwama haikuweza kujibu agizo. Aliyewahi kutumia Windows XP ofisini anakumbuka kuburuta dirisha juu ya programu iliyoganda na kuona likiacha nakala zake mfululizo, moja juu ya nyingine, hadi skrini nzima ikachafuka. Ile haikuwa hitilafu ya mchoro. Ilikuwa ni ombi lililotumwa kwa mtu asiyeitika.

Mac OS X ilitoka tarehe 24 Machi 2001, ikidai kumbukumbu ya megabaiti 128, mara 1,024 ya Macintosh ya kwanza, na ikafanya kile ambacho mwaka 1984 hakikuwezekana: kila dirisha likapewa bafa yake kamili, na seva ya madirisha ikaziunganisha bafa hizo kupata picha ya skrini. Microsoft wakafanya vivyo hivyo na Windows Vista, iliyofikia wanunuzi wa kawaida Januari 2007, na X ikapata nyongeza ya namna hiyo hiyo. Dirisha likifunuliwa leo, kwa kawaida programu haiambiwi lolote. Pingamizi la tatu basi linajileta lenyewe: sababu ya kwanza imekwisha, kwa hiyo desturi ingepaswa kwisha nayo. Mbona Android bado ina onDraw na invalidate, na simu za Apple zina drawRect na setNeedsDisplay, ilhali katika simu madirisha karibu hayalaliani kabisa?

Jibu lilionekana kwa macho Juni 2010, Apple walipotoa iPhone 4 yenye pikseli mara mbili kwa upana na mara mbili kwa kimo katika skrini ya ukubwa uleule. Programu zilizochora maandishi na mistari yake kila zilipoagizwa zikatokea na maandishi makali siku ileile, kwa sababu mfumo ulizipa eneo lenye pikseli nyingi zaidi na msimbo uleule ukalijaza. Programu zilizobeba picha zilizokwisha kuandaliwa zikaonekana zimefifia hadi zilipotengenezewa picha mpya. Jambo hilo halikuwa geni. Printa ya LaserWriter, ya mwaka 1985, ilichapa nukta 300 kwa inchi wakati skrini ya Macintosh ilikuwa na 72. Aliyetuma pikseli za skrini kwenye karatasi alipata ngazi mahali pa mistari, na aliyetuma maagizo yaleyale ya kuchora alipata mistari. Uhaba wa kumbukumbu haukuhusika katika tukio lolote kati ya hayo mawili.

Wala uhaba wenyewe haujaondoka moja kwa moja. Umehamia kwenye kadi ya michoro. Mfumo wa michoro wa Direct3D 9 uliweza kuinyang'anya programu kifaa cha kuchora wakati wowote, kwa mfano mtumiaji alipohamia programu nyingine kutoka kwenye mchezo uliojaza skrini, na programu iliyokuwa na picha katika kumbukumbu ya kadi ililazimika kuzipakia tena. WebGL, iliyotangazwa rasmi Machi 2011 kwa michoro ya ndani ya vivinjari, ina tukio linalosema kwamba mazingira yote ya mchoro yamepotea, na jingine linalosema yamerudishwa, matupu, tayari kujazwa. Mwandishi anayelipokea hilo la pili anapaswa kuwa na kila kitu mahali pengine, picha, maumbo na alama zilizo juu yake, ili achore kutoka mwanzo.